Kuutambua mti kwa jani lake: mwongozo kwa sisi wa Dar

Miaka mitatu iliyopita nilinunua mche wa mstafeli kwa muuza miche mmoja wa barabarani, mama alikuwa anautaka siku nyingi, nikaupanda nyuma ya nyumba nikaumwagilia mpaka kiangazi kikali kile ambacho hata maji ya bomba yalikuwa ya kuvizia. Juzi juzi ukaanza kuzaa, mama akanipigia, "Mwanangu, njoo uone hili stafeli lako." Naenda nakuta topetope. Topetope tunda zuri tu sina ugomvi nalo, ila mama alitaka stafeli, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilirudi kwenye simu nikatafuta picha niliyopiga siku ile ya kupanda na pale pale kwenye picha majani yanasema wazi kabisa kwamba huu siyo mstafeli. Yamefifia, hayang'ai, ni membamba. Jibu lilikuwepo tangu siku ya kwanza, sema sikujua kulisoma.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuangalia majani, kwenye daladala, msibani, popote. Na nimegundua watu wengi hapa mjini tunaishi kwenye mitaa yenye majina ya miti na miti yenyewe hatuijui, Mikocheni ni kwenye mikoche, Mivinjeni kule Kurasini ni mivinje, Mchikichini, Mkwajuni, Mwembechai, Mtaa wa Mkunguni Kariakoo, muulize kijana wa Mikocheni akuonyeshe mkoche uone. Kwa hiyo naandika hapa hatua ninazofuata mimi, tena kwa mpangilio ninaoufuata, maana mpangilio ndo kila kitu. Wengi tunaanzia kwenye umbo la jani, na umbo ndo linalodanganya kuliko vitu vyote.

Hatua ya kwanza: shika kitawi, siyo jani

Usiokote jani chini ukaanza kulichunguza. Upepo wa bahari hapa unahamisha majani, chini ya mwembe unaweza kukuta majani ya mkungu wa jirani. Unataka kitawi chenye majani kama sita au nane, kimeshikana na mti wenyewe, na siyo lazima ukivunje, kivute tu karibu na macho.

Chagua majani yaliyokomaa, ya katikati ya tawi. Machanga ya kwenye ncha yana tabia zake, mwembe kwa mfano ukichipua yale majani mapya yanatoka mekundu-mekundu ya hudhurungi, yamelegea yananing'inia kama yamenyauka, mtu asiyejua anadhani mti unaumwa. Na yale machipukizi yanayotoka kwenye shina baada ya mti kukatwa nayo achana nayo. Mfenesi mkubwa jani lake ni zima halina mikato, ila mfenesi mchanga au chipukizi la shinani linaweza kutoa majani yenye mikato, ukaapa ni mti mwingine.

Mbuyu ndo kiboko kwa hili. Mbuyu mkubwa jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono, vitano mpaka saba, vyote vinatokea sehemu moja. Mche wa mbuyu unatoa majani ya kawaida, moja moja, mazima. Ndo maana watu wanafyeka mibuyu michanga kwenye viwanja vyao bila kujua wanafyeka nini, na halafu unasikia mtu anasema mibuyu haizaliani siku hizi.

Hatua ya pili: majani yamekaaje kwenye kitawi

Hapa kuna maswali mawili tu. Majani yanaelekeana, yaani yanatoka mawili mawili, moja kulia moja kushoto, sehemu moja? Au yanapishana, hili hapa, lile mbele kidogo upande mwingine? (Kuna ya kutoka matatu au zaidi kuzunguka kitawi, ni machache, ukikutana nayo utayajua tu.)

Hili swali linaonekana dogo ila linapunguza kazi nusu nzima. Mpera majani yanaelekeana. Mzambarau yanaelekeana. Mtiki yanaelekeana, na mikoko mingi hivyo hivyo. Mwembe, mkorosho, mfenesi, mshelisheli, mstafeli, mchungwa, mlimao, hao wote yanapishana. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mti anakwambia ni mzambarau na majani yanapishana, huna haja ya kwenda mbali, siyo mzambarau.

Angalizo moja, mkungu na mkorosho majani yao yanapishana lakini yamesongamana kwenye ncha za matawi kama mashada mpaka unashindwa kuona mpangilio, pale inabidi urudi nyuma kwenye kitawi uangalie makovu ya majani yaliyodondoka.

Hatua ya tatu: hili ni jani, au ni kipande cha jani?

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo wengi wanapopotelea, na mimi nilipotelea hapa hapa.

Chukua mwarobaini, kila mtaa upo. Ukimuuliza mtu jani la mwarobaini ni lipi atakuchumia kile kidogo chenye meno-meno kama msumeno. Kile siyo jani, ni kijani kimoja (namaanisha jani dogo, siyo rangi). Jani la mwarobaini ni ule mhimili mzima pamoja na vijani vyake vyote, mara nyingi ishirini na kitu, na kwa pamoja linaweza kufika sentimita 40.

Utajuaje? Angalia kwapani. Pale jani linapoungana na kitawi, kwenye ile pembe ya juu, kuna kichipukizi kidogo, wakati mwingine ni kama punje ya mtama tu, ndo tawi la kesho hilo. Kichipukizi kinakaa kwenye kwapa la jani, hakikai kwenye kwapa la kijani. Kwa hiyo fuata kikonyo kurudi nyuma mpaka ukutane na kichipukizi, kuanzia pale kwenda mbele vyote ni jani moja. Mara ya kwanza fanya na mwarobaini, kucha ya kidole gumba inatosha, pitisha taratibu kwenye kila kiungo utakisikia kabla hata hujakiona.

Ukishajua jani lenye vijani, sasa unaangalia limegawanyika mara ngapi. Mwarobaini na mjohoro wamegawanyika mara moja, mhimili mmoja na vijani huku na huku. Mkwaju pia mara moja, ila vijani vyake ni vidogo vimepangwa jozi jozi kama unyoya na usiku vinajikunja. Mkrismasi umegawanyika mara mbili, mhimili una mihimili midogo na kila mhimili mdogo una vijani vingi mno vidogo vya duara kwenye ncha. Mlonge mara tatu, ndo maana ukichambua mboga ya mlonge inakumalizia jioni nzima.

Mjakaranda na mkrismasi bila maua vinachanganywa sana, vyote mara mbili, vyote laini kama unyoya. Rudi hatua ya pili: mjakaranda majani yanaelekeana, mkrismasi yanapishana. Halafu vijani vya mjakaranda vina ncha kali. Unaona sasa kwa nini nasema mpangilio ndo kila kitu.

Mwarobaini na mjohoro nao, nimeshuhudia mtu anachemsha majani ya mjohoro akiamini ni mwarobaini. Kijani cha mwarobaini kina meno pembeni, kimepinda kidogo kama mundu, na kitako chake hakilingani, upande mmoja umeshuka chini kuliko mwingine. Kijani cha mjohoro ukingo wake ni laini kabisa hauna jino hata moja, ncha ni ya mviringo na pande zote mbili zinalingana. Ukiona meno pembeni na jani limegawanyika mara mbili badala ya mara moja, hiyo ni ndugu wa mwarobaini, siyo mwarobaini wenyewe, usiuchemshe.

Hatua ya nne: umbo, ukingo na ncha

Sasa ndo unaruhusiwa kuangalia umbo. Usijaze kichwa majina ya maumbo, jiulize tu sehemu pana ya jani iko wapi, karibu na kikonyo, katikati, au karibu na ncha. Mkungu na mkorosho wote wamepanuka kuelekea mbele. Jani la mkungu ni kubwa, linafunika kiganja likapita, na kabla ya kudondoka linageuka jekundu kabisa, hapa Dar ndo mti unaotuonyesha rangi hiyo waziwazi. Jani la mkorosho ni gumu kama ngozi, ncha yake ni ya mviringo, mara nyingine imebonyea kidogo.

Ashoki, ile miti mirefu iliyonyooka kama mlingoti wanayopanda kwenye kuta za nyumba, jani lake ni refu jembamba na ukingo umejikunja kunja kama pindo la gauni. Huwezi kulisahau ukishaliona. Mshelisheli una mikato mirefu inayoingia ndani, jani moja unaweza kujikinga mvua.

Miche haina ukubwa wa kuaminika, na mti wa kivulini una majani makubwa kuliko wa juani hata kama ni mti uleule, tawi la chini na la juu. Ukubwa uwe ushahidi wa mwisho.

Hatua ya tano: geuza jani

Mgongo wa jani unasema kuliko uso. Mpera ukiugeuza mishipa imesimama, unaisikia kwa kidole, imejipanga sambamba kama mbavu. Mzambarau ni kinyume, mishipa ni mingi, myembamba, imesongamana, na ukiiangalia vizuri inaishia kwenye mshipa mmoja unaotembea karibu na ukingo kuzunguka jani zima. Mkunazi una mishipa mitatu mikubwa inayoanzia kwenye kikonyo na mgongo wake ni mweupe-mweupe, halafu una miiba kwa hiyo geuza kwa adabu.

Kisha inua jani ulielekeze kwenye jua. Jamii yote ya machungwa, malimao, ndimu na madanzi ina vitone vingi vinavyopitisha mwanga, kama mtu ametoboa kwa sindano, ni vifuko vya mafuta hivyo ndo vinatoa ile harufu. Na angalia kikonyo chake, mdanzi na mbalungi wana kibawa kipana pembeni mwa kikonyo kama kijani cha pili, mchungwa kibawa chembamba, mlimao karibu hakuna.

Hatua ya sita: ponda, nusa, vunja

Mwembe ukiponda jani unasikia harufu ya embe bichi, ile ya utomvu. Mstafeli una harufu kali nzito haina mfano. Mdalasini utaujua mwenyewe, na una ile mishipa mitatu mirefu. Mtiki, chukua jani changa usugue katikati ya viganja, mikono inakuwa myekundu kama umeshika damu, hiyo ni alama ambayo haijawahi kuniangusha.

Utomvu mweupe kama maziwa ukivunja kikonyo: mfenesi, mshelisheli, mkuyu na ndugu zake wote. Hao pia kwenye kitawi wana alama ya pete inayozunguka pale palipokuwa na jani.

Ila hapa nasisitiza na sifanyi masihara, utomvu mweupe usiuguse ovyo na usipeleke mkono machoni. Mnyaa wa kwenye uzio utomvu wake unaunguza macho vibaya. Na kuna ule mti wa maua ya njano yaliyofanana na kengele, majani membamba marefu yanayong'aa, upo kwenye nyua nyingi sana hapa mjini, una utomvu mweupe na ni sumu, mbegu zake zimeshaua watu. Utomvu wa mwembe na mkorosho nao unawasha na kubabua ngozi ya baadhi ya watu. Kuonja jani usilolijua usionje kabisa, watoto wafundishwe hivyo hivyo. Nusa inatosha.

Mvinje na mikoko

Mvinje watu wanasema una majani kama sindano. Nenda pale ufukweni barabara ya Ocean Road (siku hizi Barack Obama Drive) uvute "sindano" moja, ina viungo kama kijiti cha muwa mdogo mno. Shika pande mbili uvute taratibu, inachomoka kwenye kiungo. Sasa angalia pale ilipochomokea, kuna vimeno vidogo sana vimezunguka kama taji, sita mpaka nane. Hayo ndo majani ya mvinje. Hiyo sindano yote ni kitawi. Nilipoonyeshwa hili mara ya kwanza nilikaa chini kwenye mchanga nikachomoa kama ishirini kuhakikisha.

Mikoko nayo, kwa mtu wa mjini yote ni mikoko tu. Siku moja Kunduchi nikamkuta mzee mvuvi anashona nyavu, nikamsalimia shikamoo nikamwuliza hii miti inatofautishwa vipi. Akaitikia, akachuma jani moja akanipa, "Lamba." Nikalamba, chumvi tupu. "Huo mchu," akasema, "unatoa jasho." Na kweli mchu unatoa chumvi kupitia majani, mchana mkavu unaona chembe zimeganda juu, na mgongo wa jani ni wa kijivu-jivu. (Najua nimetoka kusema msionje, mzee yule amezaliwa pale, mimi na wewe tuwe na mtu wa hivyo pembeni.) Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kusimama kama miguu ya buibui, jani lake linaishia na kincha kama mwiba mdogo na mgongoni kuna vitone vyeusi vyeusi. Mkandaa ncha yake ni ya mviringo. Mlilana jani ni nene, linakaribia duara. Mkomafi ndo wenye vijani, kawaida jozi mbili. Msivunje matawi huko, ukataji wa mikoko bila kibali ni kosa kisheria, shika jani likiwa mtini.

Minazi, michikichi na mikoche sitasema mengi. Mnazi na mchikichi jani ni kama unyoya, na mchikichi una miiba kwenye kikonyo cha jani. Mkoche jani ni kama pepeo, ndo miyaa ya mikeka inatoka humo.

Kuweka kumbukumbu

Piga picha tatu, siyo moja: uso wa jani, mgongo, na kitawi kikionyesha majani yamekaaje. Weka sarafu ya mia mbili pembeni ili ukubwa ujulikane. Programu za simu kama PlantNet zinasaidia, ila ukiipa jani moja lililolala kwenye sakafu inakupa majibu matano tofauti, ukiipa kitawi inatulia.

Kukausha, weka kati ya magazeti, juu weka madumu ya maji, na joto na unyevu wetu huu badilisha magazeti kila siku kwa siku nne tano za mwanzo la sivyo ukungu unakula kila kitu. Andika mahali, tarehe, urefu wa mti na kama ulikuwa na utomvu, maana jani kavu halina harufu wala maziwa. Ukitaka sehemu ya kujifunzia yenye miti mingi karibu karibu nenda Bustani ya Mimea pale jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ina miti ambayo mtaani kwako hutaikuta.

Ukienda kununua miche

Mstafeli: jani linang'aa juu kama limepakwa mafuta, limepanuka kidogo kuelekea mbele, ukiponda harufu kali. Mtopetope: jani halina mng'ao, jembamba zaidi, mgongo umepauka. Muombe muuzaji uponde jani moja, mwenye miche ya kweli hakatai.

Jani litakwambia mti, halitakwambia aina. Mwembe dodo na mwembe bolibo kwenye mche huwezi kuvitofautisha kwa jani, anayekwambia anaweza usimlipe kwa sababu hiyo.

Na mchungwa wa kubebesha (yaani mche wa miti miwili iliyounganishwa), tafuta kiungo karibu na chini ya shina. Mara nyingi chini ni mlimao, juu ndo mchungwa. Angalia majani ya juu ya kiungo yana kale kabawa kembamba kwenye kikonyo. Kama majani yote mazuri yanatoka chini ya kiungo na hayana kibawa, ile sehemu ya mchungwa imeshakufa, unauziwa mlimao. Na ukishaupanda, kila chipukizi litakalotoka chini ya kiungo ling'oe kwa mkono likiwa bado laini, usisubiri wiki ijayo.